Msimamizi wa Hifadhidata Aende Mkutanoni, au Asome Nyumbani?

MHAZINI: Ombi lako nimelisoma, Bwana Msimamizi, na kila nikilipitia naona mambo yale yale: nauli ya ndege, malazi ya siku nne, posho, kiingilio cha mkutano, na ada ya viza ya Schengen ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90, wala hairudishwi hata kama mwombaji amenyimwa, na yote hayo ili ukaketi katika ukumbi wa Ulaya kuwasikiliza watu wakisimulia habari za PostgreSQL, programu ya hifadhidata ambayo sisi twaipata bure, na ambayo kitabu chake cha maelezo, chenye kurasa zaidi ya 2,000, nacho ni bure. Basi nataka unijibu kwa hoja, si kwa ghera: ni ilimu gani iliyoko ukumbini ambayo haimo kitabuni?

MSIMAMIZI: Kitabu, Bwana Mhazini, chaeleza jambo linavyopasa kuwa, ilhali mimi mshahara wangu naula kwa jambo lilivyoharibika. Chukua mfano mmoja. Kila muamala unaoandika kitu katika PostgreSQL hupewa namba, na kwa kuwa namba hiyo imetengewa biti 32 tu, zote pamoja ni bilioni nne na ushei. Basi mistari ya zamani isiposafishwa na kugandishwa kabla namba hazijazunguka, hifadhidata hujifunga na kukataa kuandika lolote, kwani ni afadhali isiandike kuliko kuzipoteza kumbukumbu zilizotangulia. Haya yamo kitabuni, tena yameelezwa vizuri, hata na kile kikomo cha milioni 200 ambacho kikifikiwa usafishaji huanza wenyewe ingawa umeuzima. Lakini kitabu hakikuambii kwamba usafishaji huo utachagua kuanza asubuhi ya Jumatatu, wakati makarani wa zahanati zote tunazozihudumia wanaingiza takwimu za mwezi, wala hakikuambii mtu mwenye jedwali kubwa kama letu alifanya nini siku ile, akajaribu lipi likashindwa, na akajutia lipi. Hayo anayajua aliyepatwa, naye hukusimulia mkiwa mmesimama na vikombe vya kahawa, kwa sababu umemwuliza.

MHAZINI: Mfano wako umejikata wenyewe. Kampuni ya Sentry ilipatwa na msiba huo wa namba kuzunguka mnamo Julai 2015, nayo ikakiandika kisa chake na kukitoa hadharani, asome atakaye. Kadhalika GitLab, usiku wa tarehe 31 Januari 2017: mfanyakazi wao alifuta saraka ya data katika seva kuu akidhani yumo katika ile ya pili, na katika gigabaiti 300 hivi zikasalia nne na nusu, wakakimbilia nakala rudufu, wakakuta kwamba katika njia tano walizojiwekea hapana hata moja iliyofanya kazi ipasavyo, moja kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata yenyewe ilikuwa ya 9.6, wakanusurika kwa nakala ambayo mtu aliichukua saa sita nyuma kwa shughuli nyingine kabisa. Hawakungoja mkutano wowote. Waliandika kila hatua, tena kazi ya uokozi wakaionyesha mubashara, dunia nzima ikitazama. Haya nimeyasoma mimi, mhazini, nisiyeweza kuandika ulizo moja la SQL, nikiwa juu ya kiti hiki unachokiona.

MSIMAMIZI: Umeyasoma, nami nimeyasoma, na sidhani yuko mtu wa fani yetu asiyeyasoma, tukatikisa vichwa, tukasema maskini, tukafunga ukurasa. Ni wangapi walioinuka papo hapo wakaenda kuijaribu nakala yao wenyewe? Maandishi hukupa habari wala hayakudai kitu, na ukipenda huyaacha yakalala; ama mkutanoni, mtu usiyemjua hukukodolea macho akakuuliza: mara ya mwisho uliyoirudisha nakala rudufu yako ikasimama, ikahudumia maulizo, ni lini, na ilichukua saa ngapi?

MHAZINI: Basi nami nakuuliza, bila ya nauli. Ni lini?

MSIMAMIZI: Swali lako ni la haki, na lina wakati wake.

MHAZINI: Nitaliweka. Endelea.

MSIMAMIZI: Nitaendelea kwa kisa cha Ann Arbor, mji wa Michigan huko Marekani, Mei 1974, kwa kuwa fani hii unayoiona kama ya vitabu ilizaliwa katika majlisi. Upande mmoja alikuwa Charles Bachman, ambaye mwaka uliotangulia alitunukiwa Tuzo ya Turing, na katika hotuba yake ya kuipokea akamfanya mwandishi wa programu kuwa nahodha, ajuaye kila mkondo wa data apitao. Na upande wa pili Edgar Codd wa IBM, Mwingereza aliyekuwa rubani zama za vita, ambaye risala yake ya Juni 1970 ilidai kinyume cha hayo, kwamba mtu ataje akitakacho tu, na njia ya kukifikia iwe ni kazi ya mashine. Wakahojiana mbele ya hadhara. Na katika mkutano huohuo, pasipo kishindo, vijana wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa risala juu ya lugha waliyoiita SEQUEL, ambayo ndiyo hii SQL inayotuwekea chakula mezani; naye Boyce akafariki mwezi uliofuata, hata hakuiona ikienea. Sasa zingatia: risala ya Codd ilikuwa imekwisha chapwa miaka miwili kabla ya Chamberlin kuongoka, na kilichomwongoa, kwa masimulizi yake mwenyewe, ni kukaa kumsikiliza Codd katika kikao cha 1972, akaona maulizo ambayo yeye angeyaandikia programu ya kurasa tano, Codd anayaandika kwa mstari mmoja.

MHAZINI: Kisa kizuri, ila umekikatia njiani. Baada ya majlisi hiyo, hao IBM, waliokuwa na Codd na Chamberlin na Boyce chini ya paa lao, walifanya nini? Walikuwa na hifadhidata yao ya awali, IMS, ya kuuza, wakaona uzito kuidhoofisha, hata bidhaa zao za SQL zikakawia: SQL/DS ikatoka 1981 na DB2 ikatoka 1983. Kumbe mtu mwingine, Larry Ellison, pamoja na wenzake walioanzisha kampuni mwaka 1977, alizisoma risala za IBM zilizochapishwa, akajenga, akauza Oracle mwaka 1979. Aliyekuwa na wasemaji nyumbani mwake alichelewa, aliyesoma aliwahi. Nawe waniomba nauli kwa hoja hiyo!

MSIMAMIZI: Naam, alizisoma. Tena aliazimia programu yake ipatane na ile ya IBM katika kila jambo, na akashindwa mahali pamoja: namba za makosa, zile ambazo mashine hurudisha kitu kinapokwenda mrama. IBM hawakuzichapa, na walipoombwa walizizuia. Kwa hiyo kila kilichoandikwa Ellison alikipata mezani pake, na kilichomponyoka ni orodha ya makosa. Mimi katika mkutano sifuati nadharia, Bwana. Nadharia kama ulivyosema ni bure, na jarida la PVLDB, la utafiti wa hifadhidata, tangu 2008 liko wazi kwa msomaji yeyote. Nafuata orodha ya makosa.

MHAZINI: Hilo jibu, nakiri, lina uzito. Lakini ukumbini hutakutana na waungwana wenye kusimulia makosa yao peke yao. Utakutana na wachuuzi. Nani hulipia kahawa hiyo mnayosimama nayo? Ni mwenye bidhaa, na jina lake liko ukutani, na mkoba mnaorudi nao una nembo yake. Wala usiniambie kwamba wenye mikutano huwaheshimu sana wageni wao. Septemba 2013, San Francisco, watu waliotoka pembe zote za dunia walijaa katika ukumbi wa mkutano wa Oracle OpenWorld kumngoja Ellison huyohuyo atoe hotuba yake kuu, wakaja kuambiwa kwamba hatakuja, kwa kuwa yuko ghubani akitazama jahazi lake likishindana kwa tanga katika Kombe la Amerika. Baadhi yao waliinuka wakatoka. Mimi ni mtu wa pwani, mashindano ya ngalawa nayapenda; lakini sijapata kumtoza mtu kiingilio aje anisikilize, nikaenda kuyatazama mimi.

MSIMAMIZI: (akicheka) Huo ulikuwa mkutano wa tajiri na wanunuzi wake, na tajiri hapangiwi. Nizungumziayo mimi ni mikutano ya watumiaji wenyewe. Huu wa Ulaya wa PostgreSQL, uliokuwa Prague mwaka 2023 na Athens mwaka 2024, huandaliwa na watu wa kujitolea, na mada huchaguliwa na kamati. Wafadhili wapo, sikatai, ila mhubiri wa bidhaa akisimama jukwaani ukumbi humjua kwa dakika tano na viti huanza kuwa vitupu.

MHAZINI: Watumiaji wenyewe! Hebu tuwatazame na hao. Jumuiya ya PASS, ya wataalamu wa hifadhidata ya SQL Server, iliundwa 1999, na kila mwaka mkutano wake mkuu, aghalabu huko Seattle, ndio ulioilisha. Likaja gonjwa la Covid, mkutano wa 2020 ukafanyika mtandaoni, na kufika Januari 2021 jumuiya nzima ikafunga milango, mali zake zikanunuliwa na kampuni ya Redgate. Jumuiya ambayo mwaka mmoja bila ukumbi waiua, je, ilikuwa jumuiya ya ilimu au ya kukata tikiti?

MSIMAMIZI: Lakini tazama kilichosalia. Vikao vya SQLSaturday, vilivyoanzia Orlando mwaka 2007, vya siku moja, pasipo kiingilio, wasemaji wakijigharimia wenyewe, havikuzikwa pamoja nayo. Ukumbi wa fahari ulipofungwa, watu waliendelea kukutana Jumamosi. Sasa kama mikutano haina faida ila tikiti, ni nini kiliwatoa watu hao majumbani mwao siku ya mapumziko?

MWANAGENZI: Wakubwa zangu, niwieni radhi nami niseme, kwa kuwa hoja hiyo ya Jumamosi Bwana Msimamizi ameileta kwa faida yake, nami naiona ni yangu. Kama ilimu yaweza kukutana na watu pasipo kiingilio katika darasa la shule, basi kwa nini sisi siku zote twaifuata kwa ndege? Novemba 2023 watu wa Django, zana ya kujengea tovuti, wa Afrika nzima walikutana Unguja, na Django aghalabu huwekwa juu ya PostgreSQL hii hii. Boti ya kutoka Dar es Salaam haiombi viza. Lakini nikitazama faili za ofisi hii, maombi yote ni ya Ulaya na Marekani, na waombaji wote ni wakubwa.

MSIMAMIZI: Binti yangu, mkubwa ndiye aliyeona mengi, na aliyeona mengi ndiye ajuaye la kuuliza. Ukimpeleka mtu asiye na kovu atarudi na picha alizopiga mbele ya bango.

MWANAGENZI: Makovu ninayo, Bwana, na moja nililipata wewe ukiwa mkutanoni. Ile seva yetu ya pili, inayoifuata ya kwanza nyuma, ilikatika alasiri. Ya kwanza, kwa uaminifu wake, ikaendelea kuitunzia kumbukumbu za miamala ikingoja mwenziwe arudi azichukue, na kwa kuwa hapakuwa na kikomo tulichoiwekea, ikatunza na kutunza hata diski ikajaa pomoni, na saa nane ya usiku hifadhidata ikaanguka. Sikujua sababu. Nilikuwa nikifuta faili moja moja za zamani ambazo nilikuwa na yakini nazo, huku mkono ukitetemeka, maana nilikuwa nimekisoma kile kisa cha GitLab na nilijua mtu aweza kufuta nini akiwa na usingizi. Na kila nilipopata nafasi kidogo ilijaa tena mbele ya macho yangu. Kulipopambazuka ndipo nilipoigundua nafasi iliyowekwa ya kuingojea seva ya pili, nikaiondoa, diski ikapumua. Nawe uliporudi nilikupa habari, ukajibu kwa furaha kabisa: "Aa, hilo walilizungumza kule! Tangu toleo la 13 unaweza kuliwekea kikomo."

MHAZINI: Alisema hivyo?

MWANAGENZI: Hivyo hivyo. Toleo la 13 limetoka mwaka 2020, Bwana Mhazini. Kikomo ni mstari mmoja katika faili la mipangilio.

MSIMAMIZI: Sikatai kwamba nilisema. Lakini nawe angalia unachokithibitisha: kwamba ilimu ile ile uliyoihitaji saa nane ya usiku ilikuwako mkutanoni, tena ikisemwa na watu waliopatwa. Hoja yangu umeijenga kwa mikono yako.

MWANAGENZI: Nimethibitisha kwamba ilisemwa, kufika haikufika. Ilisafiri kwa ndege hadi hapa ikiwa kichwani mwa mtu mmoja, ikakaa humo kwa adabu ikingoja kuulizwa, nami sikuwa na njia ya kuuliza nisilolijua. Sisemi mikutano haina faida, na hapo natofautiana na Bwana Mhazini. Nasema faida yake imekuwa kama mali ya mtu binafsi, ilhali nauli ni ya umma.

MHAZINI: Ahsante, binti yangu. Basi naona tumekubaliana: nauli isitoke.

MWANAGENZI: La, Bwana, usinivute upande wako, maana na wewe nina neno nawe. Umeijua bei ya tikiti hadi ada ya viza. Je, bei ya usiku ule uliwahi kuiuliza? Zahanati ziliandika kwa karatasi mpaka adhuhuri, na karatasi zile zikaja kuingizwa upya kwa siku kadhaa, nyingine hazikuonekana tena.

MHAZINI: Niliuliza. Nikaambiwa mtandao uko chini.

MWANAGENZI: Nani aliyekuambia?

MHAZINI: Nadhani mwulizaji asilaumiwe kwa jibu alilopewa na wakuu wa idara. Bwana Msimamizi?

MSIMAMIZI: Mtandao ulikuwa chini kwa maana ya kwamba watu hawakuweza kuingia. Tusizungukane. Mfumo wa takwimu za afya, huu wa DHIS2 uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za Tanzania na Kenya, umekaa juu ya PostgreSQL, na mtumiaji wa juu hajui kilichoko chini wala hapaswi kujua. Ukisema diski imejaa kwa sababu ya nafasi ya kungojea seva ya pili, atakuuliza kwa nini hukununua diski.

MHAZINI: Na kwa kuwa umeitaja Oslo: mkutano wao wa mwaka, wa mwezi Juni, si ndio ungetufaa zaidi, ambako angalau wanazungumza habari za zahanati?

MSIMAMIZI: Huko huzungumzwa fomu, ramani, vibonyezo vya simu na mafunzo ya makarani, ni mkutano wa maana, na mwenzetu wa takwimu aende. Mimi naishi orofa ya chini.

MWANAGENZI: Na mimi naishi humo humo, zamu ya usiku. Ndiyo maana nasema safari hii niende mimi.

MSIMAMIZI: Wewe? Watakunyima viza. Kijana, hana mume, hana nyumba, mshahara wa mwanagenzi. Wataona hakuna kitakachomrudisha, na hizo euro 90 alizozililia Bwana Mhazini zitakuwa zimekwenda. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo wafanyavyo.

MWANAGENZI: Huenda wakaninyima. Lakini mpaka sasa aliyeninyima si balozi.

MHAZINI: Taratibu, binti.

MWANAGENZI: Samahani, Bwana. Lakini mmoja wenu ameniambia sina kovu, nikamwonyesha. Sasa kovu limekubaliwa, imezuka viza. Nikipata viza sijui litazuka lipi.

MSIMAMIZI: Litazuka hili, nami nalisema kwa uzito wala si kwa inda: juma zima nikibaki mimi na zamu za usiku, ni nani atakayeshughulikia mkataba wa seva mpya, na ripoti ya wizara, na ukaguzi? Na nikienda mimi, walau wewe uko. Mizani hiyo si ya cheo tu.

MWANAGENZI: Ni mizani ya kwamba kazi yako ikisimama inaonekana, na yangu ikisimama inaonekana asubuhi.

MHAZINI: Sasa naona wakati wa swali langu umefika, lile nililoambiwa lina wakati wake. Nakala rudufu ya hifadhidata hii mara ya mwisho kurudishwa, ikasimama, ikahudumia maulizo, ni lini?

MSIMAMIZI: Nakala huchukuliwa kila usiku, na taarifa ya kufaulu huja kwa barua pepe.

MHAZINI: Sikuuliza kuchukuliwa. Na hao GitLab nao, kwa nilivyosoma, barua pepe za kushindwa hazikuwafikia, wakadhani kimya ni salama.

MWANAGENZI: Bwana Mhazini, nilijaribu mimi. Mashine ya majaribio ina diski ndogo. Urudishaji ulifika karibu nusu ya majedwali ukakata kwa kukosa nafasi. Hiyo nusu iliyorudi ilikuwa salama. Nusu ya pili hapana mtu ajuaye. Nikaandika ombi la diski.

MHAZINI: Na ombi hilo liko wapi?

MWANAGENZI: Mezani pako, Bwana, chini ya hilo la nauli.

MHAZINI: Bei yake?

MWANAGENZI: Haifiki nauli ya kwenda tu.

MSIMAMIZI: Unaona basi, Bwana Mhazini, kwamba hata swali ulilojisifu kuniuliza bila nauli, jibu lake umelikalia wewe. Nami sitaacha ombi langu kwa sababu hiyo; sasa naomba vyote viwili, diski na safari.

MHAZINI: Diski nitaitia sahihi leo, na atakayeijaribu nakala aniandikie saa ilipoanza na saa ilipokwisha, si kwa barua pepe ya mashine, kwa mkono wake. Ama safari, nitaipeleka mbele kwa sharti kwamba msafiri, kabla hajalipwa posho ya mwisho, ataketi na wenziwe siku nzima awatolee alichokiokota, mstari kwa mstari. Na mahali pa jina patakuwa patupu.

MSIMAMIZI: Patupu, ajaze nani?

MHAZINI: Hilo mjadiliane ninyi wawili.

MWANAGENZI: Mimi nipo usiku wote.